Unataka Bastola Ndogo ya Shabaha na Uko Meru ama Embu? Anza na Risasi, Si Sura

Tangu Olimpiki ya Paris 2024, kila base kuanzia Makutano hapa Meru hadi Dallas kule Embu ina mtaalamu wake wa shabaha. Unamkumbuka Yusuf Dikeç, si ndio? Buda wa miaka 51 kutoka Uturuki, tisheti, miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, analenga ni kama anangoja mathree ijae. Yeye na Şevval İlayda Tarhan wakabeba medali ya fedha ya timu mseto, na meme zikatembea mpaka shosho yangu akaniuliza huyo mzee ni wa wapi.

Kitu wengi walikosa kuona ni kwamba ile haikuwa bastola ya baruti. Ilikuwa ya hewa, ya mita 10, inasukuma kidonge cha milimita 4.5. Ile ya .22, wenyewe huiita "tuu-tuu", ina mchezo wake wa mita 25. Huko ndiko Kim Yeji wa Korea Kusini, yule manzi wa miwani ya kiajabu, alichelewa kidogo tu kupita sekunde 3 alizopewa. Risasi moja ikahesabiwa sufuri na fainali ikampita hivyo.

Nimeanzia huko juu kuna msee wangu alinipigia simu majuzi. "Buda, nataka tuu-tuu. Nimeona moja YouTube, ni noma sana."

Huyu si mhuni wa mtaa. Ana hardware yake, ana leseni halali ya milimita 9, na shida yake ni ya ukweli: risasi za milimita 9 zinamkula. Akienda renji mara moja anarudi mfuko ukiwa mwepesi. Risasi ya .22 kwa kawaida ni ya bei ya chini, kelele yake ni ndogo, hairushi mkono, na inakufunza kuvuta triga bila kukufunza kuogopa. Nikamwambia tukutane kwa chai kwanza. Ukiuliza "gani ni fiti" kabla ya kuuliza maswali mengine, utauziwa yenye inang'aa.

Nilichoona siku bastola ilikwama

Kuna wakati nilialikwa renji moja, sitaitaja. Kijana mmoja alikuwa ameazimwa .22 na mwenyewe alikuwa amesimama hapo kando. Akafyatua mbili safi. Ya tatu ikafanya "ka", kimya. Akavuta tena, kimya. Akaiangalia kwa upande, kisha akageuka kutuuliza, "Sasa hii ni nini?"

Aligeuka nayo. Mtutu ulipita kwa matumbo yetu watu wanne, kidole bado kiko ndani ya triga. Msimamizi alinguruma vile sijawahi kusikia mtu mzima akinguruma. Bastola ilipofunguliwa, risasi ilikuwa bado imekaa ndani ya chemba. Mimi nilikuwa tumbo la pili kwa hiyo laini.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia bastola fulani "inajam kidogo lakini ni sawa," mimi huwaza wale watu wanne. Mtu ambaye bado anajifunza hakosei sana wakati kila kitu kinafanya kazi. Anakosea pale chombo kinapomshangaza. Kwa hivyo bastola ya kuaminika ni swali la usalama kwanza, alama kwa karatasi ya shabaha zinakuja nyuma.

Ikifanya "ka" na isilipuke, iache imeelekea shabaha, kidole nje, hesabu hadi 30 polepole, kisha toa magazini, fungua, angalia. Kuna risasi huchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio dhaifu, kama mtu amekohoa, acha kila kitu. Ondoa magazini, ondoa kilichobaki kwa chemba, na uhakikishe mtutu hauna kichwa cha risasi kimekwama ndani. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba ama kupasuka, na mkono wako uko hapo.

Karatasi kabla ya bastola

Wasee, hapa tusidanganyane. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haijui "ni ya mazoezi tu". .22 ni bunduki sawa na zile zingine. Unaomba cheti, polisi wanakuchunguza, na Bodi ya Leseni za Bunduki inaamua. Sheria inataka uwe na sababu ya maana, na usiwe mtu wa ulevi ama wa akili isiyotulia, ama hatari kwa wengine. Ukisema sababu yako ni shabaha, jipange na klabu ya kuonyesha, juu mtu atakuuliza unalengea wapi.

Kuna kitu msee wangu hakuwa ameshika hata na leseni yake mkononi: cheti kinataja ni silaha gani, na kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Leseni yake ya milimita 9 haimpi ruhusa ya .22. Na kama bodi itamwandikia risasi chache, basi ile ndoto ya kumaliza mamia ya risasi kila wikendi inakufia hapo kwa karatasi. Bora ajue kabla ya kutoa ganji.

Usinunue kwanza halafu utafute karatasi. Ukishikwa na bunduki bila cheti, kifungo kinahesabiwa kwa miaka, na hakuna mzee wa kijiji atakutoa. Hata kipande peke yake, mtutu ama kizuia sauti, kwa sheria kinahesabiwa kama silaha. Msee anayekuuzia "safi, haina maneno" kwa Telegram anakuuzia kesi ya mtu mwingine. Na hizo za hewa pia usizichukulie kama toi ya supermarket. Uliza kabla ya kuagiza.

Wenye walikuwa na leseni Desemba 2018 wanakumbuka Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Usalama, alipoamuru kila mwenye bunduki ya kiraia achunguzwe upya na kuwapa siku 90. Foleni za wakati huo zilifunza watu kuweka stakabadhi zao vizuri kuliko hata cheti cha ndoa.

Kwa nini tuu-tuu ina madeko

Sasa mashine yenyewe. Chukua risasi ya milimita 9, iangalie matako. Katikati kuna kiduara, hapo ndipo pini inagonga. .22 haina hicho kiduara. Baruti yake ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inagonga ukingo huo. Kiwandani hiyo baruti huzungushwa isambae pande zote. Ikikosa kufika pale pini itagonga, unapata "ka" na basi. Muundo ni wa zamani, .22 Long Rifle ni ya 1887, na hii tabia haijawahi kumtoka kabisa. Risasi za bei ya chini zaidi ndizo hufanya hivyo zaidi.

Ya pili ni nguvu. Kichwa chake cha kawaida kina kama gramu 2.6, na nguvu ya kulipuka kwake ndiyo inatumika kurudisha bolti nyuma, kutupa ganda tupu na kubana springi ili risasi nyingine ipande. Hakuna nguvu ya ziada hapo. Ukiweka risasi ya pole kwa bastola inayotaka ya mbio, bolti inarudi nusu njia, ganda linabaki limesimama mlangoni kama bomba la moshi la jikoni.

Ya tatu ni huo ukingo, unatokeza nje. Ndani ya magazini risasi zinalaliana, na ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, zinashikana kama ng'ombe wawili wamefungana pembe. Unapojaza, hakikisha kila risasi ukingo wake uko mbele ya ule wa iliyo chini yake. Ni kazi ya sekunde mbili, na nimeona bastola ikitukanwa asubuhi nzima kwa kosa ambalo lilikuwa la mwenye kujaza.

Ya nne ni uchafu. Risasi nyingi za .22 zina kichwa cha madini laini kilichopakwa nta ama grisi, na zikilipuka zinaacha masizi mengi. Baada ya risasi mia mbili tatu hivi, chemba inaanza kukataa.

Kwa hivyo mpangilio wangu wa lawama ni huu: kwanza risasi, halafu magazini, halafu usafi, na bastola mwisho. Na mpangilio wa kununua uwe huo huo. Kabla uchague bastola, muulize mwenye duka la silaha lenye leseni: ni risasi gani ya .22 huwezi kukosa mwaka mzima? Hiyo ndiyo utakuwa unalisha. Kisha tafuta bastola inayokula hiyo bila kulalamika. Haisaidii kuwa na chombo cha maana kinachotaka risasi ya kuagizwa Ujerumani ikiwa duka lako huwa na aina moja tu.

Zenyewe sasa

Kama lengo ni kukaa mita 25 na kutoboa karatasi, mimi bado ningeanza na Ruger Mark IV. Ukoo wake ulianza 1949, ndiyo bastola iliyoanzisha hiyo kampuni. Mtutu na mwili wake havitembei, bolti ndiyo inacheza ndani, kwa hivyo vilengeo vinakaa mahali pamoja kila unapofyatua. Ni nzito, na kwa shabaha uzito ni rafiki. Mark IV ilikuja 2016 na kitufe kimoja cha kuifungua. Zile za kabla yake, Mark II na III, zinafyatua vizuri sana lakini kuzirudisha baada ya kuosha kumewatoa wazee machozi.

Lakini ukipata Mark IV ya zamani kidogo, angalia namba yake. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani. Sefti ikikaa katikati na triga ivutwe, bastola ingeweza kulipuka baadaye ukisukuma sefti. Kama haikurekebishwa, iache dukani.

Browning Buck Mark, ya tangu 1985, ina triga tamu, wengine wanaipenda kuliko Ruger. Skrubu zake za juu hulegea ukizembea, na kilengeo kinaenda nazo. Smith & Wesson Victory ya 2016 inafunguka kwa skrubu moja na mtutu unabadilishika. Hizo tatu ni za daraja moja, na ukipewa mojawapo kwa hali nzuri pamoja na magazini za ziada, chukua hiyo na usinipigie simu.

Halafu kuna zile zinafanana na za kiunoni. Msee wangu alikuwa amependa Walther P22, ya 2002. Naelewa, ni ndogo, ina sura ya muvi. Lakini ni nyepesi, mtutu mfupi, slaidi yake si ya chuma, ni ya aloi ya zinki, na inataka risasi za mbio ndio icheze. Ya kucheza na makopo, sawa. Ya mita 25, inakufunza kujilaumu bure. Kwa sura hiyo hiyo, Taurus TX22 ya 2019 inabeba risasi 16 na imejijengea jina la kutokwama ovyo. Na kama ile yako ya kila siku ni Glock 19, basi Glock 44 ya 2020 ina vipimo vyake karibu sawa, hata holsta moja inaweza kukubali zote. Wenye CZ 75 wana Kadet, ile sehemu ya juu ya kubadilisha iwe .22, lakini rudi usome tena nilichosema kuhusu vipande na karatasi.

Swali lingine la kujiuliza: unataka mchezo gani? Kama ni ile IDPA ya kusogea nyuma ya kuta na kulenga mbio, ambayo imeshika sana hapa Kenya, bastola za semi-auto za mashindano ya kawaida zinaanzia milimita 9. .22 yako itakuwa ya mazoezi pekee. Kwa mazoezi, basi, ifanane na ile utashindana nayo. Kama unataka shabaha ya kusimama tuli, chagua ile nzito.

Ukiuziwa iliyotumika, na nyingi zitakuwa hizo, usiangalie rangi. Angalia midomo ya magazini kama imepinda. Ingiza mwanga kwa mtutu, ukiona duara jeusi kama pete, kuna siku kitu kilikwama humo. Angalia ukingo wa chemba: bastola zingine za zamani zikivutwa triga bila risasi, pini inagonga chuma na kuacha kidonda, na baada ya hapo maganda hayatoki vizuri. Kisha omba ifyatuliwe mbele yako, risasi 100 za ile aina utakayonunua. Mwenye bastola nzuri hatakataa.

Meru, Embu na ule umbali

Shida ya huku kwetu ni barabara. Chama cha wamiliki wa bunduki, NGAO, huendesha shughuli zake Kirigiti, Kiambu. Kutoka Embu hiyo ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Meru unashuka Nkubu, unapita lile daraja la Nithi na roho mkononi, Chuka, Embu, na bado unaenda, zaidi ya kilomita 200 njia moja. Hesabu mafuta ama nauli kwanza, utagundua bei ya bastola si ndiyo gharama kubwa ya huu mchezo.

Ndio maana mtu anashawishika kusimamisha kopo kwa shamba nyuma ya boma. Tafadhali. Pakiti nyingi za .22 zimeandikwa kuwa risasi inaweza kuwa hatari hadi maili moja na nusu, kama kilomita 2.4. Sasa fikiria miteremko yetu, majani chai huku, shule pale, njia ya maziwa katikati. Risasi ikikosa kopo haiulizi mpaka wa shamba uko wapi. Na jirani atapigia OCS kabla hujajaza magazini ya pili, na atakuwa na haki.

Hewa ya huku pia ina maneno. Julai, ukungu ukishuka Mlima Kenya, na ile mvua ya Oktoba hadi Desemba, chuma kinashika kutu haraka. Usiiweke bastola ndani ya holsta ya ngozi kwa sefu, ngozi inanyonya maji na kuyalaza kwa chuma. Ipanguse, mafuta kidogo, iache wazi. Risasi za .22 hazijazibwa imara kama za kijeshi, kwa hivyo ziweke mahali pakavu, kwa kasha lao, mbali na watoto na mbali na bastola yenyewe. Ile nta pia hupenda vumbi, usizimwage mfukoni kama njugu karanga.

Msee wangu alimaliza chai yake kimya. Siku iliyofuata akapigia mwenye duka Nairobi akamuuliza lile swali la risasi, na jamaa akafikiria kidogo, akamtajia aina moja tu. "Yule wa YouTube hajawahi niambia niulize hivyo," akanitumia meseji.

Sasa ameomba bodi imwongezee .22 na bado anangoja. Bastola hajachagua. Wikendi anashuka Kirigiti na ile milimita 9 yake, risasi 50 tu, na kuna mzee mmoja wa klabu amekubali amwonyeshe Mark II yake pale renji, afyatue magazini mbili akisimamiwa. Sharti ni moja: baada ya hapo ataiosha na kuirudisha mwenyewe. Nimemwambia abebe lunch.